Mtaji wa Kisaikolojia na Ubunifu Kazini

Istilahi psychological capital ilipata maana yake ya sasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika maandishi ya Fred Luthans na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani. Mwaka 2004 Luthans aliandika makala ya kuitambulisha pamoja na Kyle Luthans na Brett Luthans, na mwaka 2007 yeye, Carolyn Youssef na Bruce Avolio wakaitolea kitabu kizima. Walijenga juu ya msingi uliokwisha kuwekwa. Wachumi Theodore Schultz, mwaka 1961, na Gary Becker, mwaka 1964, walikuwa wameonyesha kwamba elimu na ujuzi wa mfanyakazi ni mtaji sawa na mashine na majengo. Baadaye wanasosholojia, Pierre Bourdieu akiwa mmoja wao, wakaongeza mahusiano: watu unaowajua, na wanaokujua, nao ni mtaji. Luthans aliona bado kuna kitu kimeachwa nje ya hesabu. Wafanyakazi wawili wenye cheti kimoja, uzoefu sawa na marafiki wale wale ofisini hawafanyi kazi sawasawa, kwa sababu mmoja anaamini kazi iliyo mbele yake anaiweza na mwenzake haamini. Mmoja akikwama hutafuta pa kupitia, mwingine huketi. Hali hizo za nafsi ndizo alizotaka zihesabiwe.

Si kila sifa njema iliyoingizwa humo. Ili sifa ikubaliwe ilibidi iwe na nadharia na utafiti nyuma yake, iweze kupimwa, na iweze kukuzwa kwa mafunzo na kwa mazingira, yaani isiwe tabia ambayo mtu amezaliwa nayo na atazikwa nayo. Nne zilipita: kujiamini katika kazi mahususi, kama Albert Bandura alivyoeleza tangu mwaka 1977; tumaini, kwa maana aliyoipa mwanasaikolojia C. R. Snyder; ustahimilivu; na matarajio mema. Hojaji inayozipima ina kauli 24, sita kwa kila sifa, na mhojiwa hujipima mwenyewe kwa ngazi sita kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Dai la nadharia ni kwamba sifa hizi nne zikikutana katika mtu mmoja huzaa kitu kikubwa kuliko jumla yake. Ninalotaka kulitetea hapa ni kwamba tafsiri “mtaji wa kisaikolojia” inafaa, tena inafaa kuliko inavyoonekana kwa haraka. Neno mtaji, kama Waswahili wanavyolitumia sokoni, limebeba masharti, na masharti hayo ndiyo yanayotueleza ni lini nguvu za ndani za mfanyakazi huzaa ubunifu na ni lini hupotea bure.

Ingewezekana kusema rasilimali za kisaikolojia, au hazina ya nafsi. Lakini rasilimali yaweza kulala ardhini miaka elfu bila kuguswa na bado ikaitwa rasilimali, na hazina kazi yake ni kufichwa. Mtaji hauko hivyo. Mama lishe aliyefungia fedha zake kabatini ana akiba. Siku anaponunua mchele, mkaa na mafuta ndipo fedha ile inapokuwa mtaji, na siku hiyo hiyo ndipo inapoingia hatarini, maana chakula kinaweza kulala. Mtaji una mwenyewe. Mtaji hukua kwa kuzungushwa. Tena mtaji huliwa: anayechota humo kodi ya chumba na dawa za mtoto mwezi baada ya mwezi, faida ikiwa haiingii, siku moja huukuta umekata. Na lugha yetu ilikwisha kukubali zamani kwamba mtaji si lazima uwe fedha. Msemo kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe unasikika kila mahali Tanzania, na hakuna anayeuliza nguvu zitakuwaje mtaji. Alichoongeza Luthans ni kwamba nguvu hizo si za mikono na mgongo tu.

Kuhusu nusu ya pili ya istilahi sina mengi. “Mtaji wa nafsi” lingetamkika kwa wepesi zaidi, na katika mazungumzo sioni ubaya wake. Ila nafsi katika Kiswahili ina uzito wa kidini, na msomaji angeweza kudhani tunazungumzia usafi wa moyo. Saikolojia imekwisha kuzoeleka shuleni na hospitalini, kwa hiyo katika maandishi ya kitaalamu “kisaikolojia” linatosha.

Kazi ngumu imo katika kuzipa majina zile sifa nne, na tumaini ndilo gumu kupita yote. Katika matumizi ya kila siku mtu hutumaini mvua, hutumaini msaada, hutumaini rehema. Tumaini letu limeelekea kwenye kungoja. Tumaini la Snyder halingoji. Tangu mwaka 1991 alilieleza kuwa na pande mbili: azma ya kulifikia lengo, na uwezo wa kuziona njia za kulifikia, pamoja na njia nyingine pale ya kwanza inapozibwa. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa methali isemayo penye nia pana njia imezitaja pande zote mbili kwa majina yake. Kuna tofauti moja tu, nayo si ndogo. Methali huitanguliza nia, kisha njia ikaja kama zawadi yake. Snyder alizihesabu mbalimbali, kwa sababu wapo wenye nia kali wasioona njia ya pili, na hao mlango mmoja ukifungwa huumia kuliko wenzao. Kuona njia ni kazi ya pekee, na inafundishika. Kwa hiyo katika istilahi hii ningependekeza tumaini lielezwe kila mara kuwa ni nia na njia, lisiachwe peke yake, la sivyo mwajiri atasoma neno hilo na kudhani anatafutiwa watu wa kungoja kwa subira.

Kosa la aina hiyo linatisha zaidi katika ustahimilivu. Kishawishi cha kusema uvumilivu ni kikubwa, maana uvumilivu tumeusifu katika methali, katika hotuba za harusi na katika barua za mapendekezo ya kazi. Lakini mvumilivu anaweza kukaa chini ya paa linalovuja miaka kumi. Dhana inayotafsiriwa ni ya mtu aliyepigwa akainuka, na pengine akainuka juu zaidi ya alipokuwa; Luthans aliingiza humo hata mishtuko ya heri, kama kupandishwa cheo na kukabidhiwa majukumu mapya. Ustahimilivu nao una mizizi katika kubeba, ila matumizi yake ya miaka ya karibuni katika habari za tabianchi na maafa yameusogeza kuelekea kuinuka na kujijenga upya, na hilo ndilo tunalolihitaji. Tukiandika uvumilivu, meneja atawapendelea wasiolalamika. Na asiyelalamika mara nyingi ndiye aliyekwisha kuuzoea ubovu, ilhali kubuni kokote huanza na mtu kuona kwamba jambo halikukaa sawa. Kwa neno moja lililoteuliwa vibaya, nadharia iliyokusudiwa kueleza ubunifu ingegeuka kuwa hoja ya kuwanyamazisha wabunifu.

Zilizobaki hazina utata mkubwa. Kujiamini hapa si majivuno, wala si hali ya jumla. Ni imani ya mtu kwamba kazi hii, leo, anaiweza, na Bandura alionyesha kwamba imani hiyo hujengwa kwanza kabisa na kazi ambazo mtu amewahi kuzifanya zikafaulu. Matarajio mema ni namna ya kuyaeleza yaliyopita na kuyatazamia yajayo: mwenye nayo huona kushindwa kwake kuwa ni kwa muda na kuna sababu, haoni kuwa ndiyo asili yake. Ninalipendelea neno matarajio kwa sababu matumaini tumekwisha kulitumia, na watafsiri wakiyachanganya hayo mawili hojaji nzima huharibika.

Tukija kwenye ubunifu, kuna jambo la lugha ambalo ni lazima litangulie. Watafiti wa kazi, Teresa Amabile wa Harvard akiongoza, hutenga kuzaliwa kwa wazo jipya lenye manufaa na kutekelezwa kwa wazo hilo mpaka likatumika. Tanzania neno ubunifu hubeba yote mawili, kama linavyofanya katika jina la Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu yaliyoanza mwaka 2019. Kenya wengi husema uvumbuzi wanapokusudia lile la pili. Sioni haja ya kuwalazimisha watu, mradi tukumbuke kwamba ni vitendo viwili. Kubuni kwaweza kuwa kazi ya asubuhi moja. Kutekeleza ni kazi ya miezi: bajeti kukataliwa, mkubwa kutojibu, jaribio la kwanza kuharibika mbele ya watu, mwenzako kukuuliza kwa nini usifanye kazi yako tu. Ninaamini mtaji wa kisaikolojia unafanya kazi yake kubwa katika safari hiyo ya pili. Haumpi mtu akili ya kuona jambo jipya. Hiyo hutoka zaidi katika ujuzi, udadisi na muda wa kufikiri. Humzuia asiliache wazo lake njiani.

Ushahidi unaelekea huko. Mwaka 2002 Pamela Tierney na Steven Farmer walionyesha kwamba kujiamini kuhusu ubunifu ni kitu tofauti na kujiamini kuhusu kazi kwa jumla, na kwamba huko kwa kwanza huashiria ubunifu wa mfanyakazi vizuri zaidi. Mwaka 2011 David Sweetman na wenzake, Luthans akiwamo, waliwapa watu wazima 899 wenye kazi zoezi la kutoa mawazo, wakakuta kwamba mtaji wa kisaikolojia ukichukuliwa kwa ujumla wake huashiria matokeo kuliko sifa moja moja. Ushahidi unaonivutia zaidi hata haukutafutwa kwa ajili ya nadharia hii. Amabile na Steven Kramer walikusanya shajara za kazi za watu 238 katika timu 26 za kampuni saba, maandishi karibu 12,000 ya siku moja moja. Kilichozifanya siku ziwe njema kuliko kingine chochote kilikuwa kuona kazi yenye maana imesonga mbele, hata kwa hatua ndogo. Hapo uhusiano unageuka upande wa pili. Si kwamba mwenye mtaji ndiye hubuni tu. Anayeona wazo lake limesogea hata kidogo huongezewa mtaji, na yule ambaye mawazo yake hayajibiwi hupunguziwa. Mwenye kibanda sokoni angelieleza jambo hilo bila kitabu.

Historia ya M-Pesa inafaa kutazamwa hapa, si kwa sababu waanzilishi wake walijaza hojaji yoyote, bali kwa sababu mkondo wa kazi yao umeandikwa vizuri na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioisimamia. Mwanzo haikukusudiwa kutuma pesa kwa ndugu. Ilikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya kupokea na kurejesha mikopo kwa simu, na jaribio lilianza Oktoba 2005 wakishirikiana na Safaricom. Mambo mawili yakatokea pamoja. Kuoanisha mfumo mpya na hesabu za mikopo ya vikundi kukawa kugumu kuliko ilivyotazamiwa. Wakati huo huo wateja wakaitumia huduma kwa namna zao: wakatumiana fedha, wakalipana biashara kwa biashara, wengine wakaweka fedha mahali wanapoondokea na kuitoa wanapofika ili wasisafiri nayo. Njia iliyopangwa ikawa inazibika na nyingine inafunguka pembeni. Huduma ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, ilinadiwa kwa jambo moja tu, kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania kupitia Vodacom. Nia, yaani kumfikishia huduma za fedha mtu asiye na akaunti ya benki, ilibaki, njia ilibadilishwa. Mfano ulio wazi kuliko huo wa tumaini la Snyder katika ukanda wetu siujui.

Lakini hadithi hiyo ikiishia hapo itakuwa imedanganya. Jaribio liliwezekana kwa sababu Wizara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza, kupitia mfuko wake wa changamoto, ilitoa karibu pauni milioni moja, na Vodafone nayo ikaweka sehemu yake. Fedha hiyo iliuondoa mradi katika foleni ya kugombea bajeti ya kampuni na miradi yenye faida ya haraka. Kwa maneno mengine, ilinunua nafasi ya kukosea. Nia na njia za watu wale zingekuwapo bila fedha hiyo, na zingeishia kwenye faili.

Upo upinzani dhidi ya dhana hii ambao ni wa haki kabisa. Wa kwanza unasema ubunifu mwingi umezaliwa na kutoridhika, si na mioyo iliyojaa matarajio mema, na kuna utafiti wa kuuunga mkono. Jing Zhou na Jennifer George, mwaka 2001, walikuta kwamba wafanyakazi wasioridhika na kazi zao, ambao hata hivyo hawakuwa na pa kwenda, walikuwa wabunifu zaidi. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba hata hali mbaya ya moyo yaweza kuchochea ubunifu. Ila tuyasome masharti yao hadi mwisho. Kutoridhika kulizaa ubunifu pale wenzao walipowasaidia, au maoni waliyopewa yalipowafaa. Hali mbaya ya moyo ilizaa ubunifu pale ubunifu ulipotambuliwa na kutuzwa. Pasipo masharti hayo kutoridhika hakukuzaa kitu. Mtu anaweza kuudhika na utaratibu mbovu huku akiamini anaweza kuurekebisha, na imani hiyo ndiyo mtaji unaozungumziwa. Upinzani huu unawapata barabara wale wanaodhani wafanyakazi wenye mtaji wa kisaikolojia ni wale wanaotabasamu. Dhana yenyewe haijasema hivyo.

Wa pili ni mzito zaidi. Tafiti nyingi zinamwomba mtu yule yule, siku ile ile, ajipime nguvu zake na pia aeleze matokeo yake; anayejipendelea katika swali la kwanza atajipendelea katika la pili. Aidha, baadhi ya kauli za kupima tumaini humwuliza mhojiwa kama anaweza kufikiria njia nyingi za kutoka katika tatizo la kazini. Huko ni kuuliza kuhusu ubunifu kwa jina lingine, na si ajabu majibu yakilingana. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa, na ndiyo sababu naweka uzito zaidi kwenye tafiti ambazo matokeo yake yamepimwa na msimamizi au kwa zoezi. Uchambuzi wa James Avey na wenzake wa mwaka 2011, uliokusanya sampuli 51 zenye wafanyakazi 12,567, ulikuta uhusiano na utendaji hata pale msimamizi alipokuwa ndiye mpimaji. Uchambuzi huo huo ulikuta uhusiano huu kuwa na nguvu zaidi katika sampuli za Marekani kuliko kwingineko. Anayesoma Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura asiazime ukubwa wa namba hizo kana kwamba zimepimwa kwake.

Upinzani wa tatu ndio unaonigusa. Herufi za mwanzo za sifa hizi nne kwa Kiingereza huunda neno lenye maana ya shujaa, na wakufunzi hulipenda sana. Shujaa hutazamiwa kushinda popote. Hapo ndipo nadharia inapogeuka mzigo: ofisi ikikosa ubunifu, kasoro itatafutwa katika nafsi za wafanyakazi, na dawa itakuwa semina ya saa mbili. Amy Edmondson alipochunguza makosa ya dawa katika hospitali za Marekani, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996, alikuta timu zenye uhusiano mzuri zikiandika makosa mengi zaidi. Zilikuwa na viongozi ambao mtu angeweza kuwaambia amekosea, na kwingine watu walificha. Wauguzi wa wodi zile za kuficha huenda walikuwa na ujasiri wa kutosha. Hawakuwa na pa kuuweka. Ndiyo maana nimeshikilia neno mtaji. Mtaji una mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mfanyakazi. Mwajiri ni mtu anayeruhusiwa kunufaika nao kwa muda. Akipokea mawazo yasijibiwe, au akamwaibisha mbele ya kikao aliyethubutu kusema, anakula mtaji wa watu, na haitamsaidia kuwapeleka tena kwenye mafunzo wakajazwe upya.

Kutokana na hayo, matumizi mawili ya hojaji hii yanapaswa kukataliwa waziwazi. Haifai kuchuja waombaji wa kazi, kwa kuwa nadharia yenyewe inasema inapima hali inayopanda na kushuka, na mtu aliyemaliza mwaka mzima bila ajira atapata alama za chini kwa sababu isiyohusiana na uwezo wake. Wala majibu ya mtu mmoja mmoja hayapaswi kuwekwa katika jalada lake la utumishi. Arudishiwe mwenyewe, na ofisi ipewe wastani wa idara. Na kila inapoitisha hojaji hiyo, ofisi iweke mezani na hesabu yake yenyewe: mwaka uliopita wafanyakazi walileta mawazo mangapi, mangapi yalijibiwa, yalijibiwa baada ya siku ngapi, na kati ya yaliyojaribiwa yakashindwa, walioyaleta wako wapi sasa.